Mchagua Risasi na Deni Lake

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maana yake yajulikana. Mtu mvivu hupoteza asubuhi nzima akipima mipini, huu mzito, ule mfupi, hata jua likapanda na shamba halijaguswa; lakini mkulima wa kweli hushika jembe lililo karibu akaanza kazi. Methali hiyo ni ya kweli mahali pengi. Walakini ziko kazi chache ambazo kuchagua chombo ni nusu ya kazi yenyewe, na aliyechagua vibaya hapati nafasi ya kujisahihisha baadaye. Mojawapo ni kazi ya mwindaji aendaye porini na bastola ya risasi moja tu.

Uwindaji wa namna hiyo ni jambo la Marekani. Nchini Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mtu wa huku asikiapo neno bastola hufikiri juu ya askari au mnyang'anyi, wala hafikiri juu ya kitoweo. Lakini huko Marekani wako watu, wengi wao wakiwa mafundi, wakulima na makarani wa kawaida, ambao kila mwaka majira ya baridi yakaribiapo hutoka kumtafuta kulungu mwenye mkia mweupe, na baadhi yao huacha nyumbani bunduki ndefu makusudi wakachukua bastola. Kila jimbo lina sheria yake juu ya jambo hilo. Mengine huruhusu bastola na kuweka kipimo cha risasi ifaayo, mengine hukaza zaidi. Mwindaji hana budi kuijua sheria hiyo kabla ya kutoa fedha yake.

Msomaji asidhani kwamba bastola hizo ni kama zile za askari zenye risasi sita. Mwaka 1963 kampuni ya Remington ilitoa bastola iitwayo XP-100, yenye komeo kama la bunduki ya vita, nayo ilikula risasi moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1967 kampuni ya Thompson/Center, katika mji wa Rochester, jimbo la New Hampshire, ilitoa nyingine iitwayo Contender, iliyobuniwa na fundi Warren Center. Mtutu wake huinama kwa bawaba kama wa bunduki ya marisau, risasi hutiwa kwa mkono, mtutu hufungwa, na baada ya mlio mmoja kazi huanza upya. Jambo lililowapendeza watu zaidi ni hili: pini ya bawaba ikitolewa, mtutu wote hutoka, na mwingine wa risasi nyingine kabisa huweza kutiwa mahali pake juu ya kiunzi kilekile. Mtu mwenye kiunzi kimoja aweza kuwa na mtutu wa kupigia sungura na mtutu wa kupigia kulungu. Hapo ndipo mlango wa kuchagua ulipofunguliwa, na ndipo taabu ya kuchagua ilipoingia.

Ili jambo lieleweke, yafaa kwanza kueleza risasi yenyewe. Watu wengi huita kitu chote risasi, na si kosa, lakini fundi hutenganisha vitu vinne. Kuna ganda la shaba, ambalo ni kama chungu kishikacho vyote. Kuna fataki, kijikofia kidogo kilicho katika kitako cha ganda, kiwakacho kinapogongwa. Kuna baruti iliyo ndani ya ganda. Na kuna kichwa, ambacho ndicho kirukacho na kumpiga mnyama. Kutaja jina la risasi ni kutaja umbo la ganda na unene wa kichwa, na tundu la mtutu huchongwa lifuate umbo hilo hasa, bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo achaguaye mtutu amefunga ndoa na risasi moja, na ndoa hiyo haivunjwi ila kwa kununua mtutu mwingine.

Basi achukuliwe kwa mfano seremala mmoja wa huko New Hampshire, mwenye mke na mtoto wa kiume, aliyeweka akiba ya kununua mtutu mmoja wa inchi kumi na nne kwa ajili ya kulungu. Fedha yake yatosha mtutu mmoja, si miwili. Mbele yake iko njia pana na njia nyembamba.

Njia pana ni risasi iitwayo .30-30. Risasi hiyo ilitokea mwaka 1895 katika bunduki ya Winchester ya mfano wa 1894. Tarakimu ya kwanza ni unene wa kichwa kwa vipimo vya sehemu za inchi; ya pili ni uzito wa baruti iliyotiwa zamani, chembe 30, ambapo chembe 7,000 hufanya ratili moja. Tangu siku hizo imeua kulungu wasiohesabika. Huuzwa hata katika maduka madogo ya vijijini. Mtu akisahau risasi zake nyumbani, jirani atamwazima. Mtu akifa, mwanawe ataendelea kuipata. Hiyo ni faida kubwa, na mtu asiidharau kwa sababu ni ya kawaida. Maji nayo ni ya kawaida.

Kwa nini basi mtu mwenye akili aiache? Jibu lapatikana kwa kutazama kile risasi ilichotengenezewa. Bunduki ile ya Winchester huweka risasi zake katika bomba lililo chini ya mtutu, zikifuatana kama watu katika foleni, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile iliyo mbele yake, mahali hasa palipo fataki. Ncha kali ingeweza kuigonga fataki hiyo bunduki inaposhtuka, nayo risasi ikalipuka ndani ya bomba. Kwa sababu hiyo vichwa vya .30-30 kwa kawaida hutengenezwa butu. Kichwa butu husukumana na hewa, na kadiri kinavyokwenda ndivyo mwendo wake upunguavyo upesi. Katika bunduki ndefu, kichwa cha chembe 150 hutoka kwa mwendo wa mita 730 hivi kwa sekunde. Katika mtutu mfupi wa bastola mwendo huo hupungua sana, maana baruti haipati nafasi ya kukisukuma kwa muda wa kutosha. Mwindaji wa bastola, basi, huanza na mwendo mdogo, kisha ule ubutu humnyang'anya hata huo mdogo alio nao.

Lakini bastola ya risasi moja haina bomba. Hakuna risasi mbele wala nyuma. Ncha kali haina cha kugonga. Kwa hiyo seremala wetu aweza kutumia vichwa vyembamba vyenye ncha kali ngumu, vipenyavyo hewa vizuri, jambo ambalo mwenye bunduki ya bomba haliwezi bila hatari. Hapo ndipo risasi chache zisizo za kawaida zinapopata haki yao.

Mojawapo ni ile iitwayo 7-30 Waters. Ken Waters alikuwa mwandishi wa mambo ya bunduki huko Marekani. Mwaka 1976 alianza kufanya majaribio ya kulichukua ganda la .30-30 na kulibana shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi, cha milimita 7, chenye uzito mdogo na mwendo mkubwa. Jina lenyewe laeleza ukoo: saba ni milimita za kichwa, thelathini ni mama yake, na Waters ni baba yake. Mwaka 1984 Winchester walitoa bunduki ya risasi hiyo. Katika bunduki ndefu kichwa chake cha chembe 120 hufika mita 820 hivi kwa sekunde. Hata hivyo, wenye bunduki ndefu hawakuiacha .30-30 yao, nayo risasi mpya ikabaki ya watu wachache. Makao yake halisi ilikuja kuyapata katika mtutu mrefu wa Contender, ambamo ncha kali iliruhusiwa na wepesi wa kichwa ukawa rehema kwa mkono wa mpigaji.

Wepesi huo si jambo dogo. Bastola ya namna hiyo ina uzito wa ratili tatu na nusu hivi, nayo hushikwa kwa mikono miwili bila bega la kuitegemeza. Kichwa kikiwa kizito na baruti nyingi, bastola hurudi nyuma kwa teke kali. Mtu apigwaye teke mara nyingi hujifunza woga bila kujijua: kidole chake hukaza na macho yake hufumba kabla ya mlio, na shabaha hupotea. Watu huona haya kukiri jambo hilo, lakini karatasi ya shabaha haina haya. Risasi ambayo mtu huipiga vizuri humfaa kuliko ile kubwa ambayo huiogopa.

Hapo pana ushuhuda wa kale kutoka nchi hizi zetu za mashariki ya Afrika. Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, aliwinda pembe za ndovu huko Karamoja, Uganda, hata watu wakamwita Karamojo Bell. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, wakati wenzake wakibeba mizinga ya kuvunja mabega. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, naye alifanya mazoezi ya kulenga bila kuchoka. Mauaji yale ya pembe hakuna mtu mwenye akili awezaye kuyatamani leo, maana yaliwapunguza ndovu wa nchi hizi kiasi cha kuhuzunisha. Lakini fundisho moja limebaki: kichwa kidogo kilichofika mahali pake chafaa kuliko kikubwa kilichopita pembeni. Yafaa kuongeza fundisho la pili, ambalo wanaomsifu Bell husahau. Yeye alijua alichokuwa akifanya, na wengi walioiga udogo wa bunduki yake bila kuiga bidii yake waliwaacha wanyama na majeraha.

Basi sababu njema ya kuchagua risasi isiyo ya kawaida ipo. Lakini iko na sababu mbaya, nazo hufanana kwa nje kama mapacha. Yuko mtu achaguaye risasi adimu kwa kuwa kazi yake yahitaji hivyo, na yuko achaguaye kwa kuwa jirani hana. Huyu wa pili hupenda kuulizwa jina lake. Akifika mahali pa kulengea shabaha huweka sanduku lake juu ya meza, maandishi yakielekea watu, kisha hungoja. Risasi yake humletea mazungumzo mengi na nyama kidogo. Tena hachelewi kuichoka. Wengine wakiizoea, yeye huuza mtutu na kutafuta jina jingine ambalo halijasikika. Mtu huyo ndiye mchagua jembe aliyesemwa na wahenga.

Seremala wetu aweza kujijua yu katika kundi gani kwa kuhesabu gharama kabla ya kununua. Maana risasi isiyo ya kawaida ni deni. Siku ya kununua mtutu mtu hulipa sehemu ya kwanza tu. Zilizobaki atazilipa kila mwaka kwa muda wake, kwa uangalifu wake na kwa akiba yake.

Gharama ya kwanza ni kukosa. Duka la kijijini halitakuwa nayo. Viwanda huipika mara chache, sanduku chache, kisha hurudi kwa zile ziuzikazo haraka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu wengi wa Marekani walikimbilia kununua bunduki na risasi, hata maduka yakabaki na rafu tupu mwaka huo na uliofuata. Viwanda vilielekeza mitambo yao kwenye risasi zitakiwazo na wengi. Wenye risasi adimu walisahauliwa. Hata fataki, ambazo ni kitu kidogo kuliko tembe ya dawa, zilikuwa taabu kupatikana. Aliyekuwa na akiba aliendelea na kazi yake kimya kimya. Asiyekuwa nayo alitundika bastola ukutani. Akiba haiozi, walisema wazee, na shaba, ikitunzwa mahali pakavu, haiozi kweli.

Gharama ya pili ni kazi ya mikono. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwenye risasi adimu akitegemea kiwanda peke yake atalala njaa. Yampasa kujifunza kutengeneza risasi zake mwenyewe. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, likasukumwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi kwenye kipimo chake, fataki ya zamani ikatolewa na mpya ikatiwa. Kisha baruti hupimwa kwa mizani, chembe kwa chembe, kwa kufuata kitabu cha watengenezaji wala si kwa kukisia. Mwisho kichwa hukalishwa juu. Ganda la .30-30 linalogeuzwa kuwa la Waters huhitaji hatua moja zaidi: hupigwa mara ya kwanza ndani ya mtutu mpya, na nguvu ya baruti hulisukuma bega lake mbele mpaka likafuata umbo la tundu. Hapo ndipo huwa ganda kamili. Mtu aliyezoea ofisi ataona kwamba kazi hii yafanana na ya karani mwema: kila kipimo huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe, aina ya baruti, uzito wa kichwa, na jinsi kilivyopiga. Asiyeandika atarudia kosa lake mwaka ujao, na kosa la baruti laweza kumpotezea jicho au kidole.

Tena kichwa chenyewe huhitaji kuchaguliwa kwa akili. Vichwa vingi vya milimita 7 vilitengenezwa kwa bunduki ndefu zenye mwendo mkubwa. Vikimpiga mnyama kwa mwendo huo hufunguka kama ua na kuua upesi. Vikitoka katika mtutu mfupi, na vikiwa vimekwenda mbali, huweza kupita mwilini bila kufunguka, vikaacha tundu jembamba, na mnyama akakimbia maili nzima kabla ya kufa mahali asipoonekana. Sanduku halitamwambia mtu jambo hilo. Hulijua kwa kusoma, kwa kuuliza waliotangulia, na kwa kujaribu.

Hapo patokea shauri lifaalo kuliko mengine yote katika mambo haya: mtu akitaka risasi isiyo ya kawaida, na achague ile yenye mama wa kawaida. Waters ni adimu, lakini ganda la .30-30 limejaa nchi nzima. Kiwanda kikiacha kuipika, mwenye kalibu ataifanya nyumbani. Ndivyo walivyofanya Steve Herrett na Bob Milek katika miaka ya 1970 walipofupisha ganda lilelile la .30-30 wakapata risasi zao za Herrett kwa ajili ya Contender. Ndivyo ilivyo kwa 7mm TCU ya Wes Ugalde, iliyozaliwa na ganda la .223 ambalo lapatikana kwa wingi mno. Hiyo ilipendwa na wapigaji wa mashindano ya sanamu za chuma, ambao hulenga kuku kwa mita 50, nguruwe kwa mita 100, bata mzinga kwa mita 150 na kondoo dume kwa mita 200. Naye J. D. Jones alibana shingo ya ganda la .444 Marlin akapata .375 JDJ, ya wanyama wakubwa. Risasi hizo zote ni watoto wenye nasaba. Lakini ziko nyingine zilizotengenezwa na kiwanda kimoja, kwa ganda lisilofanana na jingine lolote, na kiwanda kikichoka huwa yatima. Ajitwikaye yatima wa namna hiyo na ajue amejitwika nini.

Mpaka mwingine ni ule wa chuma. Kiunzi cha Contender hakikuundwa kuvumilia risasi zenye nguvu kama .308 Winchester ya mwaka 1952. Kwa ajili ya hizo kampuni ilitoa kiunzi kingine kinene zaidi, kiitwacho Encore, mwisho wa miaka ya 1990. Hapo hapana nafasi ya ubishi wala ya kujaribu bahati. Bunduki iliyopasuka haimwulizi mtu alikuwa na nia gani.

Hata kampuni si ya milele. Smith & Wesson waliinunua Thompson/Center mwaka 2007, na mwaka 2021 walitangaza kwamba watajitoa katika biashara hiyo. Wenye mitutu ya zamani waliitunza zaidi tangu siku ile. Kwa hiyo apimaye deni lake asipime risasi tu, bali na kiunzi, pini na bawaba.

Gharama iliyo nzito kuliko hizo zote hailipwi na mwindaji. Hulipwa na mnyama. Bastola hii hupiga mara moja. Mwenye bunduki ya risasi nyingi akikosea huweza kusahihisha kabla kulungu hajafika kichakani. Mwenye risasi moja hubaki akipekua mfuko. Ndiyo sababu mwindaji mwema hujiwekea mpaka. Hutundika karatasi yenye mviringo wa upana wa sahani, kadiri ya mahali palipo moyo na mapafu ya kulungu, akapiga akiwa ameketi, akiwa amepiga goti, akiwa ameegemea mti, kama itakavyokuwa porini, wala si mezani juu ya mto wa mchanga. Umbali ambao risasi zake zote huingia katika sahani, huo ndio mpaka wake. Siku zote ni mfupi kuliko alivyotarajia.

Tuseme seremala amepata mpaka wa hatua 120, na ameuandika katika daftari. Siku ya mwezi wa Novemba, jua likizama, kulungu dume atokea ukingoni mwa shamba, kama hatua 200. Risasi ya Waters ina uwezo wa kufika huko. Vitabu husema hivyo na seremala amevisoma. Mke wake angefurahi kupata nyama ya majira ya baridi. Mtoto wake yuko ubavuni, anamtazama baba. Siku imebaki moja kabla ya kibali kwisha. Yote aliyoyatumia, fedha, usiku wa mizani na kalibu, yamekusanyika katika kidole kimoja. Lakini daftari lilisema 120, na aliyeandika ni yeye mwenyewe siku ambayo hapakuwa na kulungu wa kumshawishi. Akifyatua, amewinda kwa maneno ya kitabu. Akishusha bastola, amemfundisha mtoto wake jambo ambalo hakuna duka liliuzalo. Wako wanaume wengi wenye bidii ya kutengeneza risasi nzuri ambao hushindwa hapo, maana kadiri chombo kilivyo kizuri ndivyo kishawishi cha kukijaribu mbali kinavyozidi.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa. Ganda la Waters lililotengenezwa kwa ganda la .30-30 bado hubeba katika kitako chake chapa ya mama yake. Fundi mwenyewe ajua ni nini. Mwingine akiliokota atasoma jina lisilo lake. Siku fundi atakapokufa, au atakapokuwa safarini, mtoto au mjane atafungua kabati na kukuta makopo ya risasi zenye chapa ya uongo. Kwa hiyo kila sanduku lapaswa kuandikwa waziwazi: ni risasi gani, ni ya mtutu upi, ilitengenezwa lini, kwa baruti gani na kiasi gani. Maandishi hayo huchukua dakika moja, nayo huweza kuokoa mkono wa mtoto.

Msomaji wa Machakos au Kisumu aweza kuuliza haya yote yamhusu nini, iwapo hatawinda kulungu maisha yake yote. Yamhusu, kwa kuwa uchaguzi huohuo humjia kwa sura nyingine. Yuko anunuaye cherehani ya aina ambayo hakuna fundi mjini aijuaye, au pampu ya maji ambayo mpira wake ukikatika hauna mfano dukani. Si lazima awe mpumbavu. Huenda cherehani hiyo ndiyo pekee ishonayo turubai, na turubai ndiyo biashara yake. Basi amefanya vema, mradi ananunua na sindano za miaka mitano na kujifunza kuitengeneza. Lakini kama ameinunua kwa kuwa yang'aa na jirani hana, siku itakapovunjika atakaa mlangoni akilaumu maduka.

Kwa hiyo mtu anayesimama kati ya njia pana na njia nyembamba na ajiulize kwanza kazi yake yataka nini ambacho chombo cha kawaida hakiwezi. Akikosa jibu la wazi, na achukue .30-30 aende zake kwa amani. Hakuna aibu, na kulungu atakayempata ni mtamu vilevile. Akipata jibu, na ajiulize kama yuko tayari kuweka akiba, kufanya kazi ya mikono, kuandika daftari, na kuheshimu mpaka wake hata siku ya mwisho ya kibali. Aliye tayari na achague bila kuona haya, na jioni ileile aanze kuandika masanduku yake.